Maumivu na Hisi ya Mkao wa Mwili Wakati wa Kutembea

Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba mwanadamu ana milango mitano ya fahamu: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Fundisho hilo linafaa kwa kuanzia, lakini mkulima yeyote wa Mamba, katika Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, anaweza kulitilia shaka kwa hatua chache tu za usiku. Arudipo kutoka shambani giza likiwa limekwisha ingia, naye amejitwika mzigo wa mpunga kichwani, hana budi kupita juu ya tuta jembamba linalotenga jaruba moja na jingine. Tuta lenyewe halioni. Masikio, pua na ulimi havimsaidii kitu. Nyayo zake zimefunikwa na tope la mfinyanzi, zikahisi utelezi tu. Hata hivyo, huuinua mguu, huupeleka mbele, na kuutua katikati ya tuta, tena na tena, huku akizungumza na mwenzake juu ya bei ya mchele. Ni mlango gani wa fahamu umwongozao?

Jibu ni kwamba upo mlango mwingine, usio na tundu wala dirisha katika uso wa mwili. Tutauita hisi ya mkao. Hii ndiyo hisi inayomjulisha mtu, hata akiwa amefumba macho, mahali vilipo viungo vyake, jinsi vilivyokunjwa na upande vinakoelekea.

Sasa tuchukue kwamba mkulima huyohuyo amechomwa na mwiba kisiginoni, au goti lake limevimba baada ya kuanguka. Anapita juu ya tuta lilelile. Kila mtu anajua kwamba atachechemea. Lakini je, kuchechemea huko ni njia tu ya kukwepa uchungu, au maumivu yamekwisha ivuruga ile hisi inayomwambia mguu uko wapi? Na jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi: maumivu yakiisha, hisi nayo hurudi?

Vihisio vilivyomo ndani ya nyama

Jina la kitaalamu la hisi hii lilitolewa mwaka 1906 na Charles Sherrington, mwanafiziolojia wa Uingereza, ambaye baadaye, mwaka 1932, alipata Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake wa mfumo wa neva. Sherrington alitambua kwamba misuli si mashine za kuvuta mifupa tu, bali ni viungo vya kuhisia pia. Ndani ya kila msuli wa mguu vimo vihisio vidogo vyenye umbo la kijiti kilichonenepa katikati na kuchongoka ncha mbili. Msuli unyooshwapo, vihisio hivyo navyo hunyooshwa, na hapo hupeleka habari kwa njia ya neva kueleza ni kwa kiasi gani na kwa kasi gani msuli umenyooshwa. Katika kano, yaani zile kamba ngumu zinazoufunga msuli na mfupa, kuna vihisio vya namna nyingine, vipimavyo nguvu ya kuvuta. Ngozi inayozunguka kiungo, na utando unaokifunika kiungo chenyewe, navyo huchangia.

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba habari za mkao hutoka zaidi katika viungo vyenyewe, na kwamba misuli haina la kuuambia ubongo katika fahamu zake za wazi. Mwaka 1972 Goodwin, McCloskey na Matthews, wakifanya kazi Oxford, walionyesha kinyume chake kwa jaribio rahisi. Waliweka kitu kinachotetemeka mara 100 hivi kwa sekunde juu ya kano ya msuli wa mkono wa mtu aliyefumbwa macho. Mtetemo ule huviamsha vihisio vya msuli kana kwamba msuli unanyooshwa. Mkono haukuwa umekwenda popote, lakini mwenyewe aliona dhahiri kwamba unanyooka, na alipotakiwa kuulinganisha na mkono wa pili, alikosea kwa digrii nyingi.

Fundisho lililomo katika jaribio hilo ni kubwa. Ubongo haujui mguu uko wapi. Unajua tu kile ulichoambiwa. Habari zikipotoshwa njiani, mtu atahisi mkao usiokuwapo, wala hatashuku lolote.

Njia mbili katika ugwe mmoja

Habari za maumivu na habari za mkao zote huingia katika ugwe mgongo, ule ugwe wa neva uliolindwa ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Lakini hazipandi kwa njia moja. Aliyetuonyesha jambo hilo ni Charles-Édouard Brown-Séquard, aliyezaliwa mwaka 1817 katika kisiwa cha Mauritius, huku kwetu katika Bahari ya Hindi. Katikati ya karne ya 19 alieleza kinachotokea ugwe mgongo ukikatwa nusu, upande mmoja tu, kwa mfano kwa kisu. Mgonjwa hupoteza hisi ya mkao katika mguu wa upande ule ule uliokatwa, lakini hupoteza hisi ya maumivu katika mguu wa upande wa pili. Sababu yake ni kwamba neva za mkao hupanda upande wao mpaka karibu na ubongo ndipo zivuke, ilhali neva za maumivu huvuka mapema, mara ziingiapo katika ugwe.

Kwa kuwa njia ni mbili, moja yaweza kuharibika na nyingine ikabaki. Nchini Uingereza, mwaka 1971, kijana wa miaka 19 aitwaye Ian Waterman alishikwa na homa, na baada ya homa hiyo neva zake kubwa za hisi ziliharibika kuanzia shingoni kwenda chini. Misuli yake ilikuwa na nguvu kamili. Alihisi maumivu, joto na baridi kama kawaida. Lakini hakujua viungo vyake vilipo, na mwanzoni hakuweza hata kuketi. Alijifunza kutembea upya kwa kuiangalia miguu yake na kufikiri juu ya kila hatua. Taa ikizimika ghafla, huanguka. Daktari Jonathan Cole ameandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1991.

Kinyume cha Waterman ni mgonjwa wa ukoma. Ugonjwa huu huanza kwa kuharibu neva ndogo za ngozi, hivyo wayo hufa ganzi, lakini vihisio vya misuli mikubwa ya mguu kwa kawaida husalimika, na mtu huendelea kujua mguu wake uko wapi. Daktari Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, aliona kwamba wagonjwa wake walikanyagia vidonda vya nyayo pasipo kuchechemea hata kidogo, na kwa sababu hiyo vidonda havikupona. Basi tusiyaone maumivu kuwa ni adui tu. Kuchechemea ni kinga, na asiyeweza kuchechemea hujimaliza mwenyewe.

(Hapa yafaa niongeze kwamba si kila mwendo mbaya hutokana na hisi. Mwaka 1985, wilayani Tarime, watu waliokula mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha walipatwa na ugonjwa uitwao konzo, ambao hukakamaza miguu ghafla. Wagonjwa wa konzo hisi zao huwa nzima. Kilichoharibika kwao ni njia ya kuteremshia amri kutoka ubongoni. Mwalimu anaweza kuwauliza wanafunzi watofautishe hali hizi tatu: ya Waterman, ya ukoma na ya konzo.)

Njia mbili hizi hutofautiana pia kwa kasi, na hapa hesabu ndogo hutufumbua macho. Neva nene za mkao husafirisha habari kwa kasi ya mita 50 au zaidi kwa sekunde. Neva nyembamba kabisa za maumivu, zile ziletazo uchungu mzito wa kuunguza, husafirisha kwa kasi ya mita 1 hivi tu kwa sekunde. Kati ya hizo kuna neva za maumivu makali ya mchomo, ambazo kasi yake tunaweza kuikadiria kuwa mita 15 kwa sekunde. Umbali wa kutoka kisiginoni hadi ugwe mgongo kwa mtu mzima ni kama mita 1. Kwa hiyo habari ya mkao hufika baada ya sekunde 0.02, ya mchomo baada ya sekunde 0.07, na ya uchungu mzito baada ya sekunde 1 nzima.

Sasa linganisha na mwendo. Mtu anayetembea kwa kasi ya kawaida, tangu kisigino kimoja kiguse ardhi mpaka kisigino hichohicho kiiguse tena, hutumia sekunde 1.1 hivi. Mguu hukaa chini kwa kadiri ya asilimia 60 ya muda huo, yaani sekunde 0.66. Msomaji ameona mara moja: mchomo wa mwiba hufika mguu ukiwa bado umekanyaga, na waweza kuuinua haraka, lakini uchungu mzito wa goti bovu hufika mguu ukiwa umekwisha ondoka ardhini! Hivyo mwenye goti bovu hachechemei kwa kuujibu uchungu wa hatua hii. Anachechemea kwa kuuogopa uchungu wa hatua ijayo. Ubongo umekwisha badili mpango wa mwendo mapema.

Maumivu yanavyoingilia hisi

Ingawa njia ni mbili, mwisho wake ni nyumba moja. Katika ugwe mgongo, na zaidi katika ubongo, habari za maumivu na za mkao hukutana na kushindana. Kuchunguza mashindano hayo si rahisi, kwa kuwa mgonjwa wa goti ana mambo mengi kwa pamoja: maumivu, uvimbe, udhaifu wa misuli, pengine na umri. Ndiyo sababu watafiti hutumia watu wazima wa afya waliojitolea, na kuwadunga maji ya chumvi nyingi katika msuli au chini ya ngozi. Maumivu huja, hudumu dakika chache, kisha hutoweka bila kuacha madhara. Njia hiyo imetumika tangu majaribio ya Kellgren huko London mwaka 1938.

Mwaka 2008 Weerakkody na wenzake huko Australia walitumia maji hayo ya chumvi katika msuli unaokunja kidole gumba, na pia chini ya ngozi ya kidole chenyewe. Kisha walikizungusha kidole polepole sana na kumwuliza mtu kama anahisi kwamba kinakwenda, na kinaelekea wapi. Wakati wa maumivu watu walihitaji mwendo mkubwa zaidi ndipo watambue. Maumivu yaliishusha hisi.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kutangaza kwamba maumivu huharibu hisi ya mkao. Lakini mwaka 2005, nchini humohumo Australia, Bennell na wenzake walikuwa wamewatia watu wazima maumivu ya mbele ya goti kwa maji ya chumvi, wakawataka warudishe goti katika pembe waliyoonyeshwa. Maumivu hayakuwaongezea makosa yoyote ya kutajika. Matokeo haya mawili hayapingani kama yanavyoonekana. Katika jaribio la kidole mtu hukaa tuli, na misuli yake imelegea, akingoja kuhisi mwendo mdogo mno. Katika jaribio la goti mtu mwenyewe huuinua mguu, na msuli unaofanya kazi hupeleka habari nyingi kuliko msuli uliolala. Aidha, goti lina misuli mikubwa kadhaa, na ushahidi wa mmoja ukififia, mingine hutoa wake. Kutembea ni kazi ya misuli mingi kwa pamoja. Kwa hiyo ningesema kwamba maumivu mafupi peke yake huipunguza hisi ya mkao, lakini mtu mwenye afya hulipa upungufu huo kutoka katika akiba yake. Hatari huanza akiba inapokwisha.

Akiba huisha kwa njia mbili. Ya kwanza ni uvimbe. Mwaka 1965 de Andrade, Grant na Dixon walionyesha kwamba maji yakiingizwa ndani ya goti, msuli wa mbele wa paja hupoteza nguvu, hata pasipo maumivu. Mwaka 1984 Spencer, Hayes na Alexander walipima zaidi, wakakuta kwamba mililita 20 hadi 30 tu, yaani vijiko vinne hadi sita vya chai, zinatosha kuanza kuizuia sehemu ya ndani ya msuli huo. Utando wa goti ukinyooshwa na maji, hupeleka habari zinazouzima msuli katika ugwe mgongo. Msuli uliozimwa hauivuti kano vizuri, na msuli usiovuta haushuhudii vizuri.

Ya pili ni nadhari. Kutembea hudhaniwa kuwa ni kazi isiyohitaji kufikiri, lakini sivyo kwa mwili uliochoka. Mwaka 1997 Lundin-Olsson na wenzake, katika mji wa Umeå, Sweden, waliwaangalia wazee waliokuwa wakitembea na kuzungumza nao njiani. Wale ambao walisimama ili waweze kujibu ndio walioanguka zaidi katika miezi iliyofuata. Sasa maumivu ni mzungumzaji asiyenyamaza. Huidai nadhari ya mtu wakati wote, na kile kinachobaki ndicho kiangalie njia, mzigo na mguu.

Digrii tatu za kifundo cha mguu

Mwanafunzi anaweza kuuliza: kosa la digrii mbili au tatu lina uzito gani? Tuhesabu. Mguu unapopita hewani kwenda mbele, ncha ya vidole huwa juu ya ardhi kwa sentimita 1 au 2 tu pale inapokaribia ardhi zaidi. Kutoka kifundo cha mguu hadi ncha ya vidole, kwa mtu mzima, ni kama sentimita 20. Kifundo kikiinama digrii 3 zaidi ya ubongo unavyodhani, ncha ya vidole hushuka kwa sentimita 20 mara saini ya digrii 3, yaani 20 mara 0.052, ambayo ni sentimita 1 hivi. Nafasi yote, au nusu yake, imekwisha. Katika sakafu ya saruji huenda mtu asijue. Katika njia za Bonde la Rukwa, ambako udongo mzito hupasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuteleza wakati wa masika, sentimita 1 ndiyo tofauti ya kupita na kujikwaa.

Mwenye maumivu hujihadhari kwa namna mbili zinazotambulikana kwa jicho. Hupunguza muda wa kukanyagia mguu mbovu, hivyo mguu mzima hulazimika kwenda mbele upesi na kutua karibu. Pia huukaza mguu mbovu, goti likawa kama mti. Kuukaza huko huleta utulivu, lakini huondoa ule mkunjo laini ambao vihisio vya misuli huusoma. Mtu amejipatia usalama kwa kujinyima habari.

Mzigo wa kichwani huongeza ugumu. Mwaka 1986 Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya kuwapima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya. Walikuta kwamba wanawake hao waliweza kubeba kichwani mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu zaidi ya wanapotembea mikono mitupu. Kwa mwanamke wa kilo 60, hizo ni kilo 12. Mwaka 1995 Heglund na wenzake walieleza siri yake: mwili unapotembea hupanda na kushuka kama timazi inayobembea, ukibadilishana mwinuko na mwendo, na wanawake hao hufanya badilishano hilo kwa ustadi zaidi wanapobeba mzigo. Lakini timazi hubembea vizuri ikiwa pande mbili zinalingana. Anayechechemea amevunja ulinganifu huo. Basi mama wa Mamba mwenye goti bovu, aliyejitwika ndoo ya lita 20, hapotezi raha tu. Naamini hupoteza pia sehemu ya ustadi ule ambao wapimaji wa Nairobi waliustaajabia, na kila hatua humgharimu zaidi.

Wazee wetu walikwisha gundua dawa moja, nayo ni bakora. Wengi hudhani kazi ya bakora ni kubeba uzito. Mwaka 1994 Jeka na Lackner, huko Marekani, waliwaweka watu wasimame kwa shida, wakiwa wamegusa kitu imara kwa ncha ya kidole kimoja, kwa nguvu ndogo isiyofikia uzito wa gramu 100. Nguvu hiyo haiwezi kumzuia mtu asianguke. Hata hivyo kuyumba kwao kulipungua sana. Mguso ule uliupa ubongo habari ambazo miguu ilizitoa kwa kusitasita. Mzee anayeigusisha bakora yake ardhini kwa wepesi hajiegemezi tu. Anauliza njia. Ningependa vijana wanaowacheka wazee wao walijue hili.

Maumivu yakiisha

Tumefika kwenye swali la pili. Katika shule zetu mchezaji wa mpira akiteguka kifundo cha mguu hukandwa kwa maji ya moto, hupumzishwa wiki moja au mbili, na siku atakaposema haumwi tena hurudishwa uwanjani. Mara nyingi hutegua kifundo kilekile. Watu husema mguu wake ni “dhaifu”, wengine husema mengine.

Freeman na wenzake wa London walilichunguza jambo hili mwaka 1965. Walitoa hoja kwamba kiungo kinapoteguka, si kano za mifupa tu zinazochanika, bali na nyuzi za neva zilizomo ndani yake, na kwamba mguu unaolegea baada ya kupona umepungukiwa na habari kuliko ulivyopungukiwa na nguvu. Walijaribu kuwazoeza wagonjwa kusimama juu ya ubao unaoyumba, na wale waliofanya zoezi hilo walipata matatizo machache ya kifundo kulegea kuliko waliopewa matibabu ya kawaida. Watafiti wa baadaye wamerekebisha maelezo ya Freeman kuhusu nyuzi za neva, wakionyesha kwamba misuli ina sehemu kubwa kuliko alivyodhani, lakini zoezi lake limedumu.

Kutoka hapa tunaona udhaifu wa kipimo tunachokitumia kila siku. Kusema “haliumi tena” ni ushuhuda wa njia ya maumivu peke yake. Hakusemi lolote juu ya njia ya mkao. Na vidonge vya kutuliza maumivu, ambavyo mtu hununua dukani asubuhi ili aweze kwenda jarubani, hunyamazisha shahidi mmoja huku uvimbe ukiendelea kuuzima msuli wa paja na shahidi wa pili akiendelea kusitasita. Sisemi vidonge visitumike. Nasema kwamba mtu aliyemeza kidonge asijipime kwa maumivu, apimwe kwa jinsi anavyosimama.

Kwa wazee uzito wa jambo hili umepimwa. Huko Boston, Marekani, Leveille na wenzake waliwafuatilia watu 749 wenye umri wa miaka 70 na zaidi kwa miezi 18, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Waliokuwa na maumivu ya kudumu katika maungio mawili au zaidi walianguka kwa kadiri ya mara moja na nusu ya wale wasio na maumivu. Boston ina njia za lami na taa za barabarani.

Majaribio ya darasani

Majaribio mawili yafuatayo hayahitaji maabara. Mwalimu asimsababishie mwanafunzi yeyote maumivu, wala asimlazimishe mwenye goti au kifundo kinachouma kushiriki.

Katika la kwanza, mwanafunzi husimama kwa mguu mmoja bila viatu, mikono imekunjwa kifuani, mwenzake akiwa karibu kumdaka. Hesabu sekunde anazosimama macho yakiwa wazi, kisha yakiwa yamefumbwa. Tofauti ya muda huonyesha jinsi macho yanavyoisaidia hisi ya mkao. Kisha arudie macho yakiwa wazi huku akitoa 7 kutoka 100 kwa sauti: 93, 86, 79, na kuendelea. Hapa hesabu inashika nafasi ya maumivu, kwa kuwa nayo huidai nadhari. Rudia kila hali mara tatu kwa kila mguu, na kupata wastani. Waliowahi kuteguka kifundo walinganishe mguu ule na mwingine, hata kama ni mwaka mzima tangu maumivu yaishe.

La pili ni la kupima goti. Mwanafunzi huketi juu ya meza ndefu, miguu ikining'inia, macho yamefungwa kwa kitambaa. Funga rula ubavuni mwa mguu kutoka goti hadi kifundo, na juu ya rula bandika kipimapembe chenye uzi na kijiwe kidogo ili kiwe timazi. Mguu ukiinuliwa, uzi hubaki wima, na pembe husomeka. Mwenzake auinue mguu polepole hadi, tuseme, digrii 40, aushike kwa sekunde 3, aushushe. Kisha mwenyewe aurudishe pale anapodhani ulikuwa. Akifika digrii 44, kosa ni 4. Akifika 37, kosa ni 3. Jumlisha makosa bila kujali alama ya kuzidi au kupungua, kwa majaribio matano ya kila mguu, na ugawe kwa 5. Fanya hivyo mapema asubuhi, na tena baada ya kipindi cha michezo, misuli ikiwa imechoka. Tarakimu za darasa zima zichorwe katika grafu moja, mguu wa kulia kwa rangi moja na wa kushoto kwa nyingine, na wale waliowahi kuumia watiwe alama ya msalaba.